Jeni ileile, urefu mbalimbali: Mwalimu anajibu barua zenu

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Niko kidato cha sita, nasoma PCB. Kwenye mada ya urithi tumefundishwa kwamba nzi wa matunda wote wana jeni zilezile, na kwamba tofauti zao, mfano macho mekundu na macho meupe, zinatokana na herufi moja moja za DNA kubadilika. Kaka yangu yuko chuo. Likizo hii ameniambia si herufi tu: nzi wawili wa aina moja wanaweza kuwa na jeni ileile, lakini ya mmoja ikawa ndefu kuliko ya mwenzake, na wote wawili wazima kabisa. Tulibishana mpaka mama akatutoa mezani. Je, ni kweli? Na kama ni kweli, huo urefu wa ziada unatoka wapi na unafanya nini?
Mwanafunzi, Tabora

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kaka yako amesema kweli, na ulichofundishwa nacho ni kweli, ila hakijakamilika. Nimefundisha baiolojia sekondari, Morogoro, mpaka nikastaafu, na hakuna mada niliyokuwa naingia nayo darasani kwa furaha kama hii. Kwa hiyo leo nitakujibu wewe kwa kirefu, wengine wanisamehe nikiwajibu kwa ufupi.

Tuanze na mfano wako mwenyewe, macho meupe. Mwaka 1910 Thomas Hunt Morgan, akiwa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, alimkuta dume mmoja mwenye macho meupe katikati ya wenzake wenye macho mekundu. Vitabu vyetu vinasema ni mabadiliko ya jeni, basi, tunaendelea na jedwali la uwiano. Lakini miongo mingi baadaye, DNA ya kizazi cha nzi yule iliposomwa, ilionekana kwamba haikuwa herufi moja kukaa mahali pa nyingine. Kipande kizima cha DNA, kinachoitwa Doc, kilikuwa kimejipachika kwenye jeni ya rangi ya macho. Doc ni mojawapo ya vipande vinavyohama: hujinakili na kujichomeka kwingine, na nakala zake zimetapakaa kwenye kromosomu za nzi, zile nyuzi zinazobeba DNA. Yaani mfano maarufu kuliko yote katika somo la urithi ni mfano wa jeni iliyoongezewa urefu na DNA inayojirudia. Mwambie kaka yako hilo, nadhani hata yeye halijui.

Sasa nzi mwenyewe. Jina lake la kisayansi ni Drosophila melanogaster, yule mdogo mwenye macho mekundu anayezunguka ndizi zikiiva kupita kiasi. DNA yake ina herufi kama milioni 180. Takriban theluthi moja ya hizo iko kwenye sehemu zilizobanwa sana za kromosomu, na ukizisoma sehemu hizo utakutana na neno fupi linalorudiwa: AATAT, AATAT, AATAT, maelfu kwa maelfu, bila kituo. DNA ya namna hiyo huitwa setilaiti. Yapo pia marudio mafupi zaidi, ya mara kumi au ishirini, yaliyojificha ndani ya jeni za kawaida, mahali ambapo protini inaandikwa.

Marudio haya hayakai na idadi moja. Chukua shairi refu ambalo kila beti linaishia kwa kibwagizo kilekile, umpe mtu alinakili kwa mkono. Akiinua macho na kuyarudisha kwenye karatasi, anaweza kutua kwenye kibwagizo cha beti lililopita, akanakili beti moja mara mbili, au akatua kwenye la mbele, akaruka beti zima. Kimeng'enya kinachonakili DNA hupatwa na jambo hilohilo. Uzi mpya huachana kidogo na ule wa zamani, na unapojishika tena hujishika hatua moja nyuma au hatua moja mbele, kwa sababu kila hatua inafanana na jirani yake. Mtoto anazaliwa na rudio moja zaidi au moja pungufu kuliko mzazi.

Njia ya pili ilionekana kabla DNA yenyewe haijaeleweka. Kuna nzi wanaoitwa Bar, ambao jicho limekuwa kama mstari mwembamba. Nzi wa kawaida ana vijicho zaidi ya 700 katika kila jicho, hawa hawafikishi hata 100. Mwaka 1925 Alfred Sturtevant alieleza kwa nini majike wa Bar mara mojamoja huzaa mtoto mwenye macho ya kawaida, na mara mojamoja mwenye macho membamba kuliko hata ya mama yake. Kromosomu mbili za jike zinapobadilishana vipande wakati wa kutengeneza mayai, zikipangana vibaya, moja hupata zaidi na nyingine hupungukiwa. Miaka 11 baadaye, Calvin Bridges na Hermann Muller, kila mmoja kwa kazi yake, walionyesha chini ya hadubini kwamba Bar ni kipande cha kromosomu kilichojirudia. Nimesema jike kwa makusudi. Kwa nzi huyu, dume habadilishani vipande vya kromosomu pacha kabisa, jambo ambalo watahiniwa wengi hulisahau.

Hiyo ndiyo asili ya urefu. Swali lako la pili, urefu unafanya nini, halina jibu moja. Inategemea marudio yamekaa sehemu gani ya jeni. Hili ndilo ningependa ulishike, maana watu wengi wakisikia "DNA inayojirudia" wanaifikiria kama kitu kimoja.

Nitakuonyesha kwa jeni tatu.

Ya kwanza inaitwa period. Mwaka 1971, huko California, Ronald Konopka na Seymour Benzer walitangaza nzi watatu wasio wa kawaida. Mmoja siku yake ya ndani, yaani mzunguko wake wa kulala na kuamka, ilikuwa ya saa 19, mwingine ya saa 28 hivi, na wa tatu alilala na kuamka bila mpango wowote. Hitilafu zote tatu zilikuwa kwenye jeni moja. Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young, waliokuja kuichambua jeni hiyo, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2017.

Ndani ya period kuna mahali ambapo asidi amino mbili, yaani matofali ya kujengea protini, hupokezana: threonini, glisini, threonini, glisini. Kila jozi huandikwa kwa herufi sita. Nzi wengine wana jozi 14, wengine 17, wengine 20, wengine 23. Hebu zitazame namba hizo tena. Zinapanda tatu tatu. Urefu wa katikati upo, lakini ni nadra. Waliochunguza umbo la protini hii walikuta kwamba jozi tatu ndizo zinazofanya pindo moja kamili, na ndiyo maana hatua za jozi tatu zinaonekana kukubalika kuliko nyingine.

Mwaka 1992 Rodolfo Costa wa Padova, Italia, na Charalambos Kyriacou wa Leicester, Uingereza, pamoja na wenzao, walichapisha hesabu ya nzi waliokusanywa kutoka kaskazini mwa Afrika mpaka kaskazini mwa Ulaya. Kusini, karibu na bahari ya Mediterania, wenye jozi 17 walikuwa wengi. Kadiri walivyopanda kaskazini, wenye 20 waliongezeka. Mwaka 1997 kundi hilo likaonyesha sababu inayowezekana. Waliwaweka nzi kwenye joto la nyuzi 18 na la nyuzi 29, wakapima urefu wa siku yao ya ndani. Wenye jozi 20 siku yao karibu haikubadilika, joto au baridi. Wenye 17 walikaribia sana saa 24 kwenye joto, lakini kwenye baridi siku yao ilifupika. Kwa hiyo kule ambako hali ya hewa inabadilika sana, jozi 20 zina faida. Kwenye joto la kudumu, 17 zinafaa zaidi. Sitaki uamini kwamba mambo yamekwisha hapo: Australia mpangilio huo ulipotafutwa ulionekana dhaifu. Lakini fikiria ukubwa wa tofauti yenyewe. Kati ya jozi 17 na jozi 20 ni herufi 18 tu, kati ya milioni 180, na mwili wa nzi unaijua tofauti hiyo kunapokuwa na baridi.

Tofauti hiyo inaonekana kwa macho. Niliwahi kuona jeli ya kupimia urefu wa vipande vya DNA kwenye mafunzo ya walimu yaliyofanyika chuo kikuu kimoja. Sehemu ya jeni inanakiliwa mara nyingi sana kwa njia iitwayo PCR, inawekwa kwenye vishimo mwanzoni mwa jeli, umeme unawashwa, na vipande vifupi vinatangulia kukimbia. Chini ya taa ya bluu, cha jozi 17 kiko mbele, cha jozi 20 kimebaki nyuma kama upana wa ukucha. Kwa kuwa period iko kwenye kromosomu X, ambayo dume anayo moja tu na jike anazo mbili, dume anatoa mstari mmoja. Jike aliyerithi 17 kwa mama na 20 kwa baba anatoa mistari miwili. Mwalimu mwenzangu aliyekuwa amekaa pembeni yangu, mtu aliyefundisha urithi maisha yake yote, alinyamaza akiitazama ile mistari miwili muda mrefu. Nilimwelewa. Tulikuwa tumeandika ubaoni X moja na X nyingine miaka yote bila kuziona.

Jeni ya pili ni ya gundi, na hii sehemu yake unaweza kuiona nyumbani. Chukua chupa safi ya jamu, weka ndizi mbivu iliyopondwa na hamira kidogo, iache wazi mpaka nzi wachache waingie, kisha funga mdomo wake kwa kitambaa chepesi. Siku chache baadaye utaona mabuu weupe wakitambaa kwenye ndizi. Wakikomaa wanaacha chakula na kupanda ukuta wa chupa. Mtazame mmoja kwa lenzi. Anasimama, sehemu ya mbele ya mwili inajikaza, na anatema ute kutoka kwenye tezi za mate. Ute huo unatapakaa chini ya mwili wake na kukauka haraka sana. Kuanzia hapo habanduki. Jaribu kumtoa kwa ncha ya brashi kavu utaona. Lazima ulowanishe kwanza. Anakuwa pupa hapohapo, na kwa joto la nyuzi 25, toka yai mpaka nzi kamili ni kama siku kumi.

Gundi hiyo ni mchanganyiko wa protini kadhaa, na mojawapo hutengenezwa na jeni iitwayo Sgs4. Mwaka 1982 Marc Muskavitch na David Hogness walieleza kwamba jeni hii ina neno la herufi 21 linalojirudia mfululizo, na kwamba koo mbalimbali za nzi wanaofugwa maabara zina idadi tofauti ya marudio. Wenyewe waliiita jeni inayotanuka. Marudio yakiongezeka, protini ya gundi inarefuka.

Sasa simama hapo ufikirie kama mtahiniwa. Kwenye period rudio ni herufi 6. Kwenye Sgs4 ni herufi 21. Namba zote mbili zinagawanyika kwa 3. Unajua kwa nini? Asidi amino moja huandikwa kwa herufi tatu. Ukiongeza herufi 6 au 21, usomaji wa sehemu inayofuata haupotei. Ukiongeza 5, kila kitu mbele yake kinasomwa vibaya na protini inaharibika. Marudio ya 5 yakitokea katikati ya sehemu inayoandika protini, mara nyingi nzi huyo hana wajukuu. Kwa hiyo ndani ya sehemu hizi tunaona marudio yaliyopita kwenye chujio.

Lakini AATAT, lile neno la setilaiti, lina herufi tano. Nalo limo ndani ya jeni. Limo wapi?

Hapo ndipo tunafika kwenye jeni ya tatu, na kwangu hii ndiyo ya ajabu kuliko zote. Mwaka 1916 Bridges alionyesha kwamba dume asiye na kromosomu Y anaishi vizuri, ana umbo la dume, anapanda jike, ila hazai. Baadaye ikajulikana kwamba Y ya nzi huyu ina jeni chache mno, hazifiki ishirini, na baadhi ni za lazima kwa mbegu za kiume. Moja yake ni kl-3. Kazi yake ni kutengeneza sehemu ya mota inayochezesha mkia wa mbegu, na mbegu ya nzi huyu ina urefu wa karibu milimita 2, wakati nzi mwenyewe hafikishi hata milimita 3.

Sehemu ya kl-3 inayoandika protini ni herufi kama 14,000. Jeni nzima, toka mwanzo hadi mwisho, ni zaidi ya milioni 4. Zilizobaki ni introni, vile vipande vya katikati vinavyosomwa kisha vikakatwa na kutupwa kabla protini haijatengenezwa, na introni za kl-3 zimejaa setilaiti, AATAT ikiwemo. Kwenye introni hakuna sharti la tatu tatu. Herufi tano, saba, kumi, hakuna anayezihesabu.

Chukua kalamu tupige hesabu. Kimeng'enya kinachosoma DNA na kuandika RNA huenda kama herufi 1,000 hadi 2,000 kwa dakika. Herufi 14,000 zingemalizika ndani ya robo saa. Herufi milioni 4, kwa mwendo wa 1,000 kwa dakika, ni dakika 4,000, yaani karibu siku tatu mchana na usiku kusoma jeni moja mara moja. Na kweli, seli inayoelekea kuwa mbegu za kiume kwa nzi huchukua saa 80 hadi 90 kukua kabla ya kugawanyika. Mwaka 2019 Jaclyn Fingerhut, Yukiko Yamashita na mwenzao, wakiwa Michigan, Marekani, walizitia rangi RNA za sehemu mbalimbali za jeni hizi. Katika seli changa ilionekana rangi ya mwanzo wa jeni peke yake. Katika seli za umri wa kati ikaongezeka rangi ya setilaiti. Rangi ya mwisho wa jeni ilitokea tu katika seli zilizokaribia kukomaa. Waliona usomaji wa siku kadhaa ukiwa umepangwa kufuata umri wa seli. Tena walikuta protini mbili, Blanks na Hephaestus, ambazo dume asipokuwa nazo jeni hizi ndefu hazitoi zao lake vizuri na dume huyo anakuwa tasa.

Kwa madume wa sehemu mbalimbali za dunia, Y zao zinatofautiana kwa marudio, ingawa protini zinazoandikwa humo karibu ni zilezile. Mwaka 2008 Bernardo Lemos, Luciana Araripe na Daniel Hartl waliweka Y kutoka sehemu tofauti kwenye nzi ambao kromosomu nyingine zote zilikuwa sawa. Mamia ya jeni kwenye kromosomu hizo nyingine yalibadilisha kiwango cha kufanya kazi. Y yenye jeni chache kiasi hicho inawezaje kugusa mamia ya jeni? Maelezo yenye nguvu ni kwamba marudio yake huvuta protini zinazobana DNA, na zikivutwa kwa wingi upande mmoja, zinapungua upande mwingine.

Utauliza kwa nini haya hayamo kwenye kitabu chako. Sababu kubwa ni ya vifaa. DNA ya nzi huyu ilitangazwa kusomwa Machi 2000, lakini kwa mashine zinazosoma vipande vifupi, kisha kompyuta inaviunganisha kwa kutafuta miisho inayofanana. Penye AATAT mara maelfu, kila mwisho unafanana na kila mwisho, na kompyuta haijui pa kuunga. Sehemu hizo ziliachwa wazi. Mashine za sasa zinazosoma maelfu ya herufi kwa mkupuo ndizo zinazoziziba.

Sababu nyingine inaniuma zaidi. Tangu Susumu Ohno alipoisambaza fikra hiyo mwaka 1972, sehemu kubwa ya DNA isiyoandika protini imeitwa takataka, na neno hilo likashuka mpaka kwenye madaftari ya wanafunzi wetu. Mimi sisemi kila rudio lina kazi. Mengi nzi anayabeba tu kwa kuwa hayamdhuru vya kutosha kuondolewa, na hata introni zile za kl-3 hakuna aliyethibitisha kwamba zinamfaa dume. Lakini ukishaandika "takataka" kwenye daftari, hutafungua tena ukurasa huo kuuliza. Watu waliouliza ndio waliokuta jozi 17 na 20.

Kwa hiyo mtihani ukikuuliza vyanzo vya tofauti ndani ya spishi moja, andika mabadiliko ya herufi kama ulivyofundishwa, kisha ongeza: mabadiliko ya idadi ya marudio, na vipande vinavyohama. Msahihishaji anayejua kazi yake atafurahi.

SWALI: Mwalimu, habari za kazi. Nina miembe hapa Mkuranga. Nzi wanaotoboa maembe yangu ndio hao wa ndizi unaowasifia? Maana mimi nawatafutia dawa.
Mkulima, Mkuranga

JIBU: Nzuri, kaka. Pole na shamba. Hapana, wako ni wa familia nyingine kabisa. Anayetesa maembe ya pwani ni Bactrocera dorsalis, aliyetoka Asia na kuonekana kwa mara ya kwanza barani Afrika huko Kenya, mwaka 2003. Ni mkubwa, anakaribia nzi wa nyumbani, na jike ana mkuki wa kutagia anaouchoma kwenye embe lingali mtini. Huyu wetu mdogo hana haja na embe zima. Anakuja likishapasuka au kuanza kuchacha, akifuata hamira. Kwa huyo wako, okota maembe yote yaliyoanguka uyafukie kwa kina au uyafunge kwenye mifuko myeusi ya plastiki juani, na umuulize bwana shamba kuhusu mitego ya methyl eugenol inayovuta madume.

SWALI: Asalaam aleikum Mwalimu. Je, binadamu nao wana jeni za kurefuka na kufupika hivyo? Na zinatuletea madhara?
Mama wa watoto wawili, Mombasa

JIBU: Waaleikum salaam, dada yangu. Wanazo. Umewahi kusikia watu wakienda kupima DNA kumjua baba wa mtoto? Kinachopimwa huko ni urefu wa marudio. Wanachagua sehemu kadhaa za DNA zenye neno fupi linalojirudia, wanahesabu mara ngapi kwa mtoto, kwa mama na kwa anayedhaniwa kuwa baba. Kila namba ya mtoto kwa kawaida hupatikana kwa mmoja wa wazazi. Mwanzo wa vipimo hivyo ni kazi ya Alec Jeffreys mwaka 1984, na ilifanyika Leicester, chuo kilekile cha Kyriacou niliyemtaja hapo juu. Marudio hayo yaliyochaguliwa kwa vipimo hayajulikani kuleta madhara kwa urefu wake.

Yapo yanayodhuru. Ugonjwa wa Huntington, unaoharibu ubongo polepole ukubwani, unatokana na neno CAG kurudiwa kupita kiasi kwenye jeni moja. Hadi marudio 26 ni kawaida. Yakifika 40 na kuendelea, mtu ataugua iwapo ataishi umri wa kutosha. Tazama: CAG ni herufi tatu, kwa hiyo usomaji haupotei na protini inatengenezwa, ila ikiwa na mkia mrefu mno wa asidi amino moja, na huo ndio unaodhuru seli. Jeni hiyo ilipatikana mwaka 1993 kwa msaada mkubwa wa familia zilizo kando ya Ziwa Maracaibo, Venezuela, ambako ugonjwa huu umekuwa mwingi sana. Wanasayansi pia wamepachika marudio ya aina hiyo kwa nzi wetu mdogo, macho yake yakaharibika, na kupitia macho hayo wanajaribu dawa. Ni ugonjwa wa nadra, dada, usikose usingizi kwa sababu yake. Ila kama kuna mtu kwenye ukoo wenu mwenye mtikisiko wa mwili usiotulia pamoja na kupoteza kumbukumbu, na mzazi wake alikuwa hivyohivyo, mpelekeni kwa daktari wa mishipa ya fahamu, wala msisikilize wanaosema ni kurogwa.

SWALI: Mwalimu, kila ukiandika juu ya nzi huyu unataja New York, California, Uingereza. Ni nzi wa huko? Sisi huku Dodoma anatuhusu nini?
Msomaji, Dodoma

JIBU: Ni wa kwetu, ndugu yangu! Asili yake ni Afrika, kusini mwa Sahara. Alitoka bara hili maelfu ya miaka iliyopita akifuatana na watu na chakula chao, akaingia Ulaya na Asia, na Amerika alifika katika karne chache zilizopita tu. Waliohama walikuwa wachache, wakabeba sehemu tu ya aina za jeni zilizokuwepo. Waliobaki Afrika ndio wenye tofauti nyingi zaidi za DNA, na ndiyo maana wanasayansi wanaotaka kujua hali yake ya mwanzo huja kumkusanya Siavonga, Zambia, au Zimbabwe.

Mwaka 2018 watafiti waliofanya kazi kwenye milima ya Matobo, Zimbabwe, walieleza kwamba huko porini, mbali na vijiji, nzi huyu anafuata hasa tunda moja: ng'ongo. Mng'ongo mnao Dodoma. Wakati matunda yake yanapodondoka na kuanza kuchacha chini ya mti, nenda asubuhi mapema na chupa yenye mdomo mpana. Tafuta mwenye macho mekundu na mistari myeusi mgongoni mwa tumbo. Dume ncha yake ya tumbo ni nyeusi tii. Kuna ndugu yake, Drosophila simulans, anayefanana naye sana. Majike wa aina hizo mbili huwezi kuwatofautisha kwa urahisi, kwa hiyo wakusanye madume na uombe hadubini kwenye sekondari ya karibu: utambulisho uko kwenye viungo vyao vya uzazi.